Tarumbeta Ikilia, Nani Atakuja?

Andiko: Nehemia sura ya 3 na ya 4. Soma hasa 4:15–23 kabla ya kuendelea.

 

Tuko katikati ya mafundisho yetu ya kitabu cha Nehemia, na Jumapili iliyopita tulifika sura ya 4. Muda haukutosha, na walimu wa watoto pamoja na ndugu wa ulinzi walikuwa nje, kwa hivyo ninauandika ujumbe wote hapa. Chukua Biblia yako. Mistari sitainakili. Nataka uisome kwa macho yako mwenyewe, halafu urudi hapa tuzungumze.

Sura ya 3 ni ile sura ambayo wengi wetu huiruka. Majina, majina, majina. Lakini ukienda polepole utaona kitu. Mstari wa 8 kuna mfua dhahabu, na kando yake mtengeneza manukato. Mstari wa 12 kuna Shalumu, mtu mwenye cheo Yerusalemu, naye anajenga pamoja na binti zake. Wako makuhani, wako wafanyabiashara. Jana huyu alikuwa anachanganya mafuta ya kunukia, leo amebeba mawe begani. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Wamekuja kwa sababu mji ni wao.

Halafu sura ya 4 inaleta shida. Adui ametishia kuvamia. Nehemia anaangalia ukuta anaona kwamba kazi ni kubwa, ukuta ni mrefu, na watu wametawanyika. Upande mmoja ukivamiwa, upande mwingine hata hawatajua. Anafanya nini? Anamweka mpiga tarumbeta kando yake, na anawapa watu agizo moja: popote mtakaposikia ile sauti, kimbilieni hapo, na Mungu wetu atatupigania.

Sasa fikiria yule mtengeneza manukato. Anajenga mbele ya nyumba yake. Kwake hakuna shida. Tarumbeta inalia kutoka upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya mtu ambaye pengine hata hawasalimiani. Ni nini kitamfanya aache mwiko wake na kukimbia kuelekea hatari?

Hilo ndilo swali la ujumbe huu. Tarumbeta ikilia, nani atakuja? Na jibu ambalo nataka ubaki nalo ni hili: atakuja yule aliyeamua kabla haijalia.

KIKOSI KISICHO NA MSHAHARA

Nilisoma biashara chuoni, na pale tulifundishwa kuuliza swali moja kila mara: huyu mtu anafaidika nini? Kwa hivyo nilipoanza kusoma habari za vikosi vya zimamoto vya kujitolea huko Marekani, nilishangaa. Sisi tunadhani Marekani kila kitu ni pesa na mashine. Ukweli ni kwamba wazimamoto wengi wa nchi ile hawalipwi mshahara. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa na wazimamoto kama milioni 1, na kati ya hao karibu 677,000 walikuwa wa kujitolea. Hiyo ni kama asilimia 65. Karibu nusu ya hao wanaojitolea wako katika sehemu zenye watu wasiofika 2,500.

Chukua jimbo la Pennsylvania. Huko mashambani serikali ya chini kabisa huitwa township, ambayo unaweza kuifananisha na wadi yetu: mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, kanisa, shule, nyumba zilizo mbalimbali. Watu kama hao hawawezi kulipa wazimamoto wakae kituoni mchana na usiku. Kwa hivyo kituo mara nyingi hakina mtu. Kina gari, kina mipira ya maji, na kina makoti yaliyotundikwa ukutani. Mtu wa kuyavaa yuko nyumbani kwake amelala, ama yuko shambani, ama anafundisha, ama yuko chini ya gari la mteja anafungua nati.

Mtu akipiga namba ya dharura, simu inapokelewa kwenye kituo cha kaunti. Pale wanatuma mlio kwenye vifaa vidogo ambavyo wale watu wanatembea navyo kiunoni. Saa nane ya usiku, baridi kali, theluji nje, kile kifaa kinalia. Mkulima anaamka. Mwalimu anaamka. Kila mmoja anaendesha gari lake hadi kituoni, anaruka ndani ya buti, na gari kubwa linatoka. Kuna kipimo walichowekewa cha maeneo ya mashambani: angalau watu sita wawe wamefika penye moto ndani ya dakika 14, mara nane katika kila mara kumi. Dakika 14, ukihesabu na muda wa kutoka kitandani!

Na wakifika, mara nyingi hakuna bomba la maji barabarani. Wanakuja na maji yao kwenye lori la tangi. Wanafungua tangi la turubai chini, lori linamwaga maji humo na kukimbia kwenda kujaza tena kwenye bwawa ama mtoni, na vikosi vya jirani vinaleta malori yao ili maji yasikatike. Kikosi kimoja hakitoshi. Kila kikosi kinajua kwamba leo nimemsaidia jirani, kesho atanisaidia mimi.

Pesa ya mafuta na vifaa inatoka wapi? Sehemu inatoka serikalini. Nyingine wanachanga wenyewe. Wanachoma kuku na kuuza, wanapika chapati zao za maji asubuhi ya Jumamosi, wanacheza bingo. Hiyo bingo mimi siiungi mkono, msije mkasema mchungaji msaidizi ameruhusu! Lakini ile harambee naielewa. Mtu anajitolea kuingia kwenye moto, halafu pia anauza kuku ili apate buti za kuingilia huo moto.

1. JIBU HUANDALIWA KABLA YA MLIO

Ukiingia katika kituo kama hicho utaona kitu ambacho kilinigusa. Suruali ya kazi imekunjwa chini juu ya buti, miguu ya suruali ikiwa imeshaingizwa kwenye buti. Mwenyewe anakuja, anatumbukiza miguu, anavuta juu, amevaa. Hakuna wakati wa kutafuta soksi. Nilipoona picha yake nilikumbuka Luka 12:35, ambapo Yesu anatuambia tukae tumejifunga kiuno na taa zetu zinawaka. Na Nehemia 4:23 inasema Nehemia na watu wake hawakuvua nguo zao. Walilala wakiwa tayari.

Mtu anayetaka kuzima moto ndani ya nyumba kule hujifunza kwanza kwa zaidi ya saa 100. Anafanya hivyo jioni na wikendi baada ya kazi yake ya kawaida. Na akishahitimu, kuna jioni ya mazoezi. Wanakunjua mipira na kuikunja tena. Wanapanda ngazi na kushuka. Wanawasha pampu na kuizima. Ukipita hapo utadhani ni watu wazima wanacheza. Hakuna moto, hakuna kelele, hakuna mtu wa kuwapigia makofi. Lakini ile nyumba itakayookolewa mwezi wa pili, inaokolewa hiyo jioni.

Jambo hili ni la zamani. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi chao cha kujitolea Philadelphia mwaka 1736. Walikubaliana kila mwanachama aweke nyumbani kwake ndoo za ngozi, pamoja na mifuko imara na vikapu vya kutolea mali ya watu, vyote vikiwa vizima tayari. Walikuwa wakikutana mara moja kwa mwezi. Na asiyekuja mkutanoni alitozwa faini! Zile faini ndizo zilizosaidia kununua ngazi na vifaa. Umeona? Mtu hakulazimishwa kuingia, lakini akishaingia, amefungwa na neno lake.

Hapo sasa ndipo kanisa la leo limechanganyikiwa. Sisi tukisikia neno kujitolea, tunasikia kwamba nikipenda nitakuja, nisipopenda msiniulize. Unamwita ndugu wa kwaya mazoezini anakwambia, "Pastor, si mimi ni wa kujitolea tu?" Hilo neno "tu" ndilo shida. Mkulima wa Pennsylvania ni wa kujitolea, lakini mtoto aliye ndani ya moshi hawezi kumsubiri apate hamu. Kujitolea maana yake ni kwamba hukulazimishwa kusema ndiyo. Ukishasema ndiyo, watu wanaweka maisha yao juu ya hiyo ndiyo yako.

Wale wanawali watano wa Mathayo 25 hawakuwa wabaya. Walikuwa na taa, walikuwa wanamngoja bwana arusi. Walikosa kitu kimoja: walienda kutafuta mafuta baada ya mlio. Usiku wa manane si wakati wa kununua mafuta. Siku mume wako amepata ajali si siku ya kujifunza kuomba. Siku mtoto ameamua kuacha wokovu si siku ya kuanza kufungua Biblia nyumbani.

2. HAKUNA ANAYEINGIA PEKE YAKE

Wazimamoto wa Marekani wana kanuni ya wawili ndani, wawili nje. Hakuna mtu anayeingia peke yake kwenye nyumba iliyojaa moshi wa hatari. Wanaingia wawili, wanabaki pamoja, na nje wanasimama wengine wawili wamevaa kila kitu, tayari kuwafuata wale wa ndani wakipotea. Kuna ruhusa ya kutangulia pale tu penye mtu wa kuokolewa papo hapo.

Mhubiri 4:9–12 ilisema hivyo zamani: wawili ni afadhali, kwa sababu mmoja akianguka mwenzake atamwinua, na ole wake aangukaye akiwa peke yake. Bwana Yesu naye aliwatuma wanafunzi wawili wawili, Marko 6:7. Huduma ya mtu mmoja shujaa, anayeombea watu peke yake, anayeshauri wake za watu peke yake, anayeshika pesa za kanisa peke yake, hiyo ni kuingia kwenye moshi bila mwenzako. Wengi wameingia hivyo na hawakutoka.

Tena penye moto kuna mtu mmoja anayetoa amri. Wao humwita chifu, ingawa si kama chifu wetu wa lokesheni. Mara nyingi huyo hashiki hata mpira wa maji. Kazi yake ni kuangalia nyumba yote na kujua nani yuko wapi. Kila anayeingia huacha kibandiko chenye jina lake, ili nje wajue hesabu ya walio ndani. Akisema tokeni, wanatoka, hata kama wewe unaona bado kidogo tu moto uishe.

Na si wote wanaoingia ndani. Kuna mzee ambaye magoti yamekataa, lakini anasimama barabarani na kuongoza magari ili wenzake wasigongwe. Pennsylvania wana kundi maalum la kazi hiyo. Kuna wa pampu, ambaye asipoangalia mshale wa presha, wa ndani wanaishiwa na maji. Kuna dada anayeweka hesabu za kikosi. Kuna mama anayeleta chai saa kumi alfajiri. Soma 1 Wakorintho 12, halafu uniambie kama Paulo hakuwa akiongea juu ya kikosi. Mwambie jirani yako, hata kama unasoma hii ukiwa kwa matatu: una kazi!

3. KUNA MLIO AMBAO HUTAPATA MTU WA KUOKOA

Hapa ndipo pagumu, na sitaki tupite haraka.

Katika kaunti ya Somerset, Pennsylvania, kuna kijiji kinaitwa Shanksville. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2000 kilikuwa na watu 245. Hao ni wachache kuliko watu wanaojaza ibada yetu ya pili. Kina kikosi cha kujitolea. Tarehe 11 Septemba 2001, saa nne na dakika tatu asubuhi, ndege ya United namba 93 ilianguka karibu na hapo, Stonycreek Township. Ilikuwa imetekwa na magaidi, na abiria walikuwa wamejaribu kuwapokonya ili isifike Washington. Abiria na wahudumu 40 walikufa.

Mlio ukatoka. Watu wa Shanksville wakaacha kazi zao, wakapanda gari lao, wakawa kati ya wa kwanza kufika. Fikiria moyo wa mtu anayekimbilia ndege iliyoanguka. Anajua ndege ina watu wengi. Kichwani anapanga ni nani atambeba nani. Wakafika wakakuta shimo, miti inayoungua, na vipande vidogo vidogo. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuokoa. Wakazima ule moto wa msituni. Wakabaki.

Je, walifanya kazi bure? Hapana. Waliitwa, wakaja. Hiyo ndiyo sehemu yao. Wengine wenu mmeombea mgonjwa miezi sita na bado mlimzika. Mmekaa na rafiki mlevi, mkamlipia nauli ya kwenda kupata msaada, na bado amerudi kwenye pombe. Shetani anakuja kukuambia kwamba ulipoteza wakati. Mwambie Shetani anyamaze! Bwana hatakuuliza kwa nini moto ulikuwa mkubwa. Atakuuliza kama ulipoitwa ulikuja.

Lakini hadithi ya kaunti hiyo haikuisha hapo. Mwaka haukuwa umeisha. Tarehe 24 Julai 2002, usiku, wachimba makaa ya mawe katika mgodi wa Quecreek walitoboa kwa bahati mbaya mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha mgodi ule ulifika wapi. Maji yakaingia kwa nguvu. Tisa kati yao, kabla ya kujaribu kujiokoa, walipiga simu ya mgodini kuwaonya wenzao tisa waliokuwa upande mwingine. Wale walioonywa wakatoka salama. Walioonya wakanaswa, zaidi ya mita 70 chini ya ardhi.

Juu, watu wakatoboa shimo jembamba na kusukuma hewa ya moto chini, ili wapate kupumua na maji yasiwafikie. Wakaanza kuchimba shimo kubwa la kuwatolea. Katikati, ncha ya mtambo wa kuchimbia ikavunjika ndani, kazi ikasimama kwa saa nyingi. Na familia? Wake na watoto na wazazi walikusanyika kungojea katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Sipesville. Ule ukumbi wa kuchoma kuku na kucheza bingo ukawa nyumba ya machozi na maombi. Usiku ule hawakuhitaji mpira wa maji. Walihitaji viti, chai, mlango ulio wazi, na mtu wa kukaa nao bila maneno mengi.

Baada ya kama saa 77, alfajiri ya tarehe 28 Julai, walitolewa mmoja mmoja, wote tisa, wakiwa hai. Haleluya!

Kaunti ni moja, na katika muda usiofika mwaka, kikosi kimoja kilifika kikakosa mtu wa kuokoa, na kingine kikafungua mlango wake kwa watu walioshuhudia wote wakitoka. Hakuna kikosi kilichochagua ni mlio upi kitapewa. Ni sawa na Danieli 3. Wale vijana watatu walisema Mungu anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, msimamo wao ni ule ule. Mwitikio wetu ni wa kwetu. Matokeo ni ya Bwana.

4. WAKUU WA TEKOA

Sasa rudi Nehemia 3:5. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao hawakukubali kuinamisha shingo kwa kazi hiyo. Mstari wa 27 unaonyesha kwamba watu wa kawaida wa Tekoa walimaliza sehemu yao, wakachukua na sehemu nyingine. Wachache wakabeba mzigo wa wote.

Hata kule Pennsylvania jambo hilo limefika. Miaka ya 1970 jimbo lile lilikuwa na wazimamoto wa kujitolea karibu 300,000. Ripoti iliyotolewa mwaka 2018 kwa bunge la jimbo ilisema wamebaki kama 38,000. Watu wanafanya kazi mbali na nyumbani. Wanachoka. Wenye umri wamezeeka na vijana hawajaingia. Kwa hivyo kuna nyakati mlio unatoka, dakika zinapita, hakuna anayejibu, na kituo cha kaunti kinaita kikosi kinachofuata, cha mbali zaidi. Gari liko, limejaa maji, limeng'arishwa. Dereva hayuko.

Wacha nilete jambo hili nyumbani. Mwezi uliopita nyumba ya dada mmoja wa kanisa hili iliteketea. Tunamshukuru Mungu yeye na watoto walitoka. Watu walikuja wengi sana. Lakini mimi nilikuwepo, na niliona nilichoona. Waliokuja na simu za kupiga picha walikuwa wengi kuliko waliokuja na ndoo. Hakuna aliyejua swichi kubwa ya stima iko wapi. Wanaume wenye nguvu walikuwa wakipiga kelele, kila mmoja akitoa amri yake. Gari la zimamoto lilitoka mjini, mbali, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyesimama penye njia panda kulielekeza, likapita kona na kulazimika kugeuza. Cherehani mbili zilizokuwa zikilisha nyumba ile zilikuwa karibu na mlango. Watu wawili na gunia wangezitoa.

Wapendwa, umati wa watu si kikosi. Nchi yetu inajua hilo kwa uchungu. Pale Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, watu walikimbilia lori la mafuta lililopinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa moto ulipowaka. Kukimbia peke yake hakutoshi. Unakimbia ukiwa umejua unachoenda kufanya.

Katiba yetu imeweka kazi ya zimamoto mikononi mwa kaunti, na ni haki yetu kuidai. Lakini gari la kaunti liko mjini na moto uko hapa. Zile dakika za kwanza ni zetu. Na sisi wenye wokovu tusijifiche nyuma ya maombi. Nehemia 4:9 inasema walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Mambo mawili katika mstari mmoja. Anayeomba bila kuweka mlinzi hajasoma mstari wote.

Kwa majuma matatu karatasi ya kujiandikisha kwa kikosi cha dharura cha kanisa imekuwa pale mezani karibu na mlango. Majina yaliyoandikwa unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hatuombi mtu aingie kwenye nyumba inayowaka, hilo tumelikataza kabisa mpaka kuwe na mafunzo na vifaa. Tunaomba watu wa kujifunza huduma ya kwanza. Watu wa boda boda watakaosimama penye njia panda na kuleta gari la zimamoto ama ambulansi hadi mlangoni. Fundi wa stima wa kutuonyesha jinsi ya kukata umeme salama. Kina mama wanaojua kila nyumba ina wazee wangapi na watoto wangapi, wa kuhesabu waliotoka. Vijana wa kutunza ndoo, magunia na mchanga. Mtu mmoja wa kutoa amri, na wengine wa kumsikiliza. Mtu wa kupiga 999 ama 112 na kueleza mahali bila kubabaika. Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili. Na ukiandika jina lako, uje.

ALIYEKUJA KWANZA

Nimalize na Injili, kwa sababu bila hii, haya yote ni mafundisho ya usalama tu.

Sisi tulikuwa ndani ya nyumba inayowaka. Wengine wetu hata hatukujua inawaka, tulikuwa tumelala. Warumi 5:8 inatuambia kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi, kumaanisha hakungoja tumwite vizuri. Hakutuma mtu aje kupiga picha ya hali yetu. Alikuja mwenyewe, akaingia, na moto uliokuwa wetu ukawa wake. Hakuna mtu aliyemlipa. Mimi na wewe tuko hai kwa sababu kuna mmoja aliyejitolea.

Kama hujawahi kumpokea, usingoje ibada nyingine. Piga magoti hapo ulipo umwite, halafu umtafute mchungaji ama kiongozi wa kikundi chako wiki hii. Na kama umeokoka, jiulize: nimeokolewa na mtu aliyekuja, je, mimi huja?

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kutujia. Tusamehe kwa kusikia na kukaa. Mkumbuke dada yetu aliyepoteza nyumba, na umrudishie kwa mikono yetu. Tufundishe kujiandaa wakati hakuna anayetuona. Tupe wenzetu wa kuingia nao, na moyo wa kutii aliyewekwa juu yetu. Na tarumbeta ikilia, utukute tumevaa. Katika jina la Yesu. Amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI WIKI HII

Kwanza, someni Nehemia 3 kwa sauti, bila kuruka majina. Ni kazi gani za kila siku mnaziona pale, na ni zipi ziko katika kikundi chenu?

Pili, ni huduma gani katika kanisa letu ambayo watu wachache wamebeba kwa niaba ya wengi? Taja moja, na uamue utafanya nini.

Tatu, kila mmoja aeleze: ulipoitwa ukaenda na matokeo yakawa mabaya, Bwana alikufundisha nini?

Nne, zungukeni nyumba mnamokutana. Swichi kubwa ya stima iko wapi? Mtungi wa gesi uko wapi? Mkitoka usiku, mtakutana wapi ili mhesabiane?